Homa ya Matumbo: Fahamu Maana ya Majibu ya Damu

Wakazi wa Eldoret wanahimizwa kufika hospitalini mapema wanapopata homa isiyoisha, badala ya kujinunulia dawa. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka wa 1896, hakitafuti bakteria wa homa ya matumbo wenyewe, bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana nao. Kingamwili hizo huchukua takriban wiki moja kuonekana, na zinaweza kubaki mwilini baada ya mgonjwa kupona. Hivyo, kipimo kinaweza kukosa ugonjwa ulioanza juzi, au kuonyesha ule wa zamani. Kuotesha bakteria kutoka kwa damu kwenye maabara kuna uhakika zaidi, lakini huchukua siku kadhaa. Damu hiyo itolewe kabla ya kumeza antibiotiki. Mgonjwa apimwe malaria pia.