Kambi ya Yoga Mlimani: Nenda Wakati wa Jilaal

Mtu wa Garissa anayetaka kwenda mlimani kwa wiki moja ya yoga hupanga tarehe kwa kuangalia likizo, karo na nauli. Hali ya hewa huja mwisho. Ningeshauri aanze nayo, kwa sababu misimu ya mlimani haiendi sambamba na ya kwetu.

Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu mita 1,950. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo urefu peke yake unaleta tofauti ya karibu nyuzi 12 kati ya miji hii miwili. Hiyo ni nafuu ya kutosha mwezi wowote. Swali ni mwezi gani nafuu hiyo inageuka kuwa adha.

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa Hagaa, joto letu hupungua kidogo na upepo huvuma mchana kutwa, na wengi hudhani huo ndio wakati mwafaka wa kupanda. Sivyo. Upepo huo wa kusi hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu ya chini. Meru, Chuka na Embu huweza kukaa siku kadhaa jua halionekani, manyunyu asubuhi na ukungu jioni. Mwili uliozoea nyuzi 35 hukakamaa kwenye baridi ya namna hiyo, na msuli uliokakamaa haunyooshwi kwa nguvu bila kuumia. Marsabit nayo, ingawa imezungukwa na nchi kame, hufunikwa na ukungu asubuhi nyingi. Ukungu huo ndio unaousaidia msitu wake kuishi.

Hapo ndipo inapoangukia Siku ya Kimataifa ya Yoga, 21 Juni, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014. Tarehe hiyo ina mchana mrefu kuliko yote upande wa kaskazini wa dunia. Nanyuki, iliyo kwenye ikweta, hupata mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hatuna sababu ya kuifuata.

Januari na Februari, wakati wa kiangazi cha Jilaal, mambo hugeuka. Kaskazi inayotukaushia malambo hufika mlimani ikiwa kavu, na kilele cha Batian, mita 5,199, huonekana wazi alfajiri kabla mawingu hayajapanda mchana. Mazoezi ya pumzi baada ya swala ya alfajiri, jua likichomoza, yana raha ambayo Hagaa haiwezi kuitoa. Usiku Nanyuki huweza kushuka chini ya nyuzi 10, basi beba blanketi zito. Jilaal ni msimu wa dhiki kwa mwenye mifugo, na asiyeweza kuondoka hastahili lawama. Kwa mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa mjini, ndio wakati ambao mwili unahitaji kupumzishwa kutokana na joto kuliko wakati mwingine wowote. Ukikawia hadi Machi, nyasi za juu zimekauka na hatari ya moto ni kubwa; mlima uliungua mwaka 2012 na tena 2019.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kwetu: Ramadhani. Huja mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa imeingia ndani ya Jilaal. Inatarajiwa karibu na 8 Februari mwaka 2027, na mwishoni mwa Januari mwaka 2028, kutegemea kuandama kwa mwezi. Yoga nyepesi kabla ya futari haina tatizo. Kupanda hadi mita 3,000 ukiwa umefunga ni hatari, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu na mwili hupoteza maji kwa kila pumzi. Kwa miaka hii, basi, lenga wiki za kwanza za Januari.

Barabara nayo ina neno lake. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulifurika na maji yakafunika barabara kati ya Garissa na Madogo. Mwaka wa El Niño, Deyr, yaani mvua za mwisho wa mwaka, huweza kuvuka Desemba. Ile ya 1997 iliendelea hadi mapema 1998. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa mvua za Oktoba hadi Desemba kabla hazijaanza. Usilipe arubuni isiyorudishwa kabla ya kuusoma, na ukiona mvua nyingi zimetabiriwa, muulize mwenyeji kama anakubali kusogeza tarehe.