Mataifa tajiri yanavyowania wauguzi wa Kenya

MZAZI wa Matungu, Kaunti ya Kakamega, anayeuza miwa ili kumlipia bintiye karo ya uuguzi, huenda anaiandalia Ulaya mfanyakazi.

Mataifa tajiri yana wazee wengi na vijana wachache, hivyo hushindana kuwavutia wataalamu wa kigeni. Kanada ilianza kuwapa waombaji alama kulingana na elimu, lugha na umri mnamo 1967. Uingereza ilianzisha viza ya ada nafuu kwa wahudumu wa afya mwaka 2020, kisha Julai 2021 ikatia saini mkataba wa wauguzi na Kenya. Ujerumani nayo ilianzisha, Juni 2024, kadi inayomruhusu mtaalamu kukaa huko mwaka mmoja akitafuta kazi. Septemba mwaka huo ilitia saini mkataba na Kenya. Mkataba huo hautaji idadi ya nafasi, na muuguzi sharti ajue Kijerumani na vyeti vyake vitambuliwe.

Serikali huitetea mikataba hiyo ikisema wauguzi wengi waliohitimu hawana ajira. Hata hivyo, zahanati za mashinani zina upungufu wa wahudumu. Kenya isipowaajiri iliowafunza, mataifa mengine yatawachukua bila kugharimia masomo yao.