Kiharusi (2): Je, Dawa ya Kuyeyusha Damu Huleta Kifafa?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi bonge la damu linavyoziba mshipa wa ubongo na jinsi alteplasi inavyoliyeyusha. Leo tunalikabili swali ambalo ndugu huuliza kando ya kitanda. Dawa imekwisha kuingia: sehemu moja ya kumi kwa sindano, iliyobaki kwa dripu ya saa moja. Kesho yake kona ya mdomo inaanza kuchezacheza, kisha kidole gumba, kisha mkono wote, ule ule uliopooza. Mbona kabla ya dawa hakuwa na kifafa?

Wanaoituhumu dawa hawakurupuki. Alteplasi ni nakala ya protini ambayo mwili wenyewe hutengeneza, na mwaka 1995 ilionekana kwamba panya wasio na protini hiyo huhimili kemikali za kuchochea kifafa kuliko wenzao. Zipo pia hesabu za wagonjwa zilizokuta mitukutiko mingi zaidi kwa waliopewa dawa. Nyingine hazikuona tofauti. Hapo yafaa kuuliza ni nani hasa hupewa dawa hii. Hapewi mwenye ganzi ya vidole inayopita. Hupewa aliyepooza upande au aliyepotewa na kauli, na mara nyingi huyo ndiye ambaye gamba la ubongo wake limeguswa. Gamba likijeruhiwa huzaa kifafa, dawa iwepo isiwepo. Ukimlinganisha na mwenye kiharusi chepesi, umelinganisha majeraha, hujalinganisha dawa. Kipimo cha SeLECT, kilichotolewa mwaka 2018 kukadiria hatari ya kifafa cha baadaye, hutazama ukali wa kiharusi, ugonjwa wa mishipa mikubwa, mtukutiko wa mapema, gamba, na eneo la ateri ya kati ya ubongo. Alteplasi haimo.

Mtu atasema: hata kama mchango wake ni mdogo, kwa nini tuuongeze? Kwa sababu kuna cha kupimia upande wa pili. Katika jaribio la Marekani la mwaka 1995, lenye wagonjwa 624 waliotibiwa ndani ya saa 3, waliopewa dawa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, wa kubaki bila ulemavu au na mdogo tu baada ya miezi 3. Hofu yangu naielekeza kwingine: kuvuja damu ubongoni kulikoleta dalili kuliwapata asilimia 6.4 ya waliotibiwa, dhidi ya 0.6 ya wasiopewa. Damu hiyo nayo huchochea mtukutiko, kwa hiyo mgonjwa akitukutika baada ya dawa apelekwe haraka kwenye CT skani, kabla watu hawajaanza kubishana juu ya kifafa.

Wala si kila mtukutiko ni kifafa. Uchunguzi wa Minnesota uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu kwa miaka 10: waliotukutika ndani ya siku 7 za kiharusi, theluthi moja tu walitukutika tena baadaye; walioanza baada ya siku hizo, asilimia 71.5. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya haipendekezi kumpa kila mwenye kiharusi vidonge vya kifafa kwa kujihadhari, na ndiyo maana tarehe ya mtukutiko wa kwanza inapaswa kuandikwa kwenye faili la mgonjwa.