Mvumo katika Spika

Spika ikivuma hata pasipo wimbo, usiharakishe kununua nyingine. Umeme wa majumbani hapa Afrika Mashariki hupiga mawimbi 50 kila sekunde, na ndio chanzo cha mvumo huo.

Zima umeme, chomoa nyaya zote ziletazo sauti kwenye amplifaya, kisha washa. Mvumo ukibaki, kasoro imo ndani, mwite fundi. Ukitoweka, zima, rudisha waya mmoja mmoja hadi mkosaji ajulikane. Mara nyingi vyombo viwili vimeungwa na ardhi kwa njia mbili. Vichomeke mahali pamoja ukutani.

Lakini waya wa ardhi, wa kijani na manjano, usikatwe kamwe! Ndio uchukuao umeme uvujao usimpitie mtu. Heri mvumo kuliko msiba.