UKIPANDA TRENI USIKU, USIACHE MASHINE YAKO YA HEWA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, leo tunaongea juu ya usingizi.

Kuna watu wanaokoroma sana usiku, kisha pumzi inakatika. Koo linajifunga, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, halafu mtu anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Inakuwa hivyo mara nyingi kwa usiku mmoja. Asubuhi yeye anafikiri amelala, kumbe mwili haukupumzika. Mtu huyo akishika usukani wa lori la mgodi anaweza kusinzia, na ajali haingoji aamke.

Msaada upo. Mwaka 1981, daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza mashine inayosukuma hewa puani kwa mpira na kifuniko, ili koo libaki wazi. Waganga wanaiita CPAP. Kwa Kifaransa ni PPC. Mashine haiponyeshi. Inasaidia usiku ule tu unapoivaa. Ukiiacha, shida inarudi.

Basi, safarini tufanye nini? Mtu wa Kiambi hana reli mlangoni. Anatoka kando ya mto Luvua, anakwenda kutafuta treni Nyunzu au Kabalo. Kabalo mpaka Kalemie ni kilomita 273. Njia ya Lubumbashi, kwa kupitia Kamina, ni ndefu zaidi: unalala njiani zaidi ya usiku mmoja. Zile nyaya za umeme juu ya reli kati ya Lubumbashi na Kamina zisikudanganye. Ni umeme wa kuvuta treni, volti 25.000, si wa mashine yako. Kutoka Kamina kuja Kabalo na Kalemie, treni inakwenda kwa mazutu. Kwa hiyo, jitayarishe mwenyewe.

1. Chukua batri. Soma kibao cha mashine: nyingine zinataka volti 12, nyingine 24. Tumia kigeuzi kilichotengenezwa kwa mashine hiyo. Usifunge waya ovyo-ovyo.

2. Piga hesabu. Mashine ikila amperi 2 kwa saa 8, ni amperi-saa 16 kwa usiku mmoja. Batri ya risasi usiimalize kupita nusu. Basi kwa usiku mmoja unahitaji batri ya 32 au zaidi, kwa siku mbili 64.

3. Batri iwe ile iliyofungwa kabisa, isiyomwaga asidi juu ya watu na mizigo.

4. Ukiwa na batri, zima kile chombo cha kupasha maji joto. Ndicho kinachokula umeme sana.

5. Mwaga maji yote kabla ya kufunga mzigo. Yakiingia ndani ya mashine, yanaiharibu. Maji ya mto usiyatie humo kamwe.

6. Weka mashine chini kuliko kichwa chako, juu ya sanduku, mbali na vumbi. Usiifunike kwa kitenge. Chukua kichujio kipya.

7. Umeme ukikatika, vua kifuniko.

8. Beba barua ya muganga. Mwambie mwenzako wa safari kuwa ni chombo cha ugonjwa, asishangae.

Batri ikiisha, lala ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo. Usinywe pombe, wala lutuku, wala dawa za usingizi: zinalegeza koo.

Ukifika, usikimbilie usukani. Kama ulilala bila mashine, mwambie mkubwa wako wa kazi kabla ya kupanda lori. Kusema hivyo si uvivu, ni kulinda maisha yako na ya wenzako.

Na wewe mama, ndiwe unayesikia pumzi ya bwana ikikatika usiku. Usinyamaze. Mpeleke kwa muganga. Na siku ya safari, angalia mzigo: batri imo?