Likizo Ndefu Ugenini: Mgeni Naye Ana Wajibu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba, shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, nyumba nyingi za pwani huanza kufunga mizigo. Likizo hii ndiyo ndefu kuliko zote katika mwaka wa masomo, na watoto hawawezi kukaa wiki zote hizo wakitazama kuta za nyumba. Wazee wetu walikuwa wakienda kwa jamaa zao Lamu, Vanga, Tanga na Unguja. Siku hizi vijana wetu wamefuata riziki bara, na safari nazo zimewafuata huko. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 imezidi kuwasogeza jamaa: mtu hupanda garimoshi Miritini asubuhi, akapita Mariakani, Voi, Mtito Andei na Emali, na mchana akashuka Athi River, mwendo mfupi tu kufika Kitengela.

Kitengela ni mji wa Kaunti ya Kajiado uliokua mbio. Palipokuwa na malisho ya Wamasai pamekuwa na maghorofa, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo wakazi zaidi ya 150,000. Wengi ni watu wanaofanya kazi Nairobi au katika viwanda vya Athi River. Miongoni mwao wamo watoto wetu, dada zetu na ndugu zetu. Basi Disemba ikifika, nyumba zao za kupanga zenye vyumba viwili hugeuka kuwa nyumba za wageni wa pwani.

Nasi tulikuwa katika wageni hao. Tunapenda kueleza yaliyotufika, kwa kuwa kosa lilikuwa letu, na huenda msomaji akajifunza bila ya kupita tulikopita.

Siku nane za raha

Mdogo wetu anaishi Kitengela na mkewe na watoto watatu. Tulikwenda watu sita: sisi, ahali yetu na watoto wanne. Tulikuwa tumenuia kukaa siku ishirini na nne. Tulipokewa vizuri mno. Shemeji yetu alitutolea chumba cha watoto, na watoto wake wakalala sebuleni juu ya mikeka. Kila alfajiri tulikuta chai tayari, na kila usiku sahani zilioshwa baada ya sisi kulala. Tulikuwa tukisema, “Mashaallah, mwanamke huyu hachoki.” Hatukujiuliza kama kweli hachoki.

Mgeni wa pwani akifika Kitengela huona mambo mawili kwanza. La kwanza ni baridi ya usiku, maana mji uko juu, yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa Mombasa hutetemeka akitia udhu wa alfajiri. La pili ni maji. Nyumba nyingi hazipati maji ya mfereji ya kutegemea. Maji hununuliwa kwa boza na kutiwa katika tangi. Tangi la mdogo wetu lilikuwa likiwatosha wao wiki mbili na zaidi. Tulipofika sisi, lilikauka siku ya sita. Watoto wetu walizoea kuoga mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto la kwetu, na hata kwenye baridi ile hawakuacha mazoea yao. Sisi wenyewe tulikuwa tukitia udhu kwa mfereji uliofunguliwa wazi, ilhali tunawasomesha watu kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitosheka kwa udhu na kipimo cha maji cha viganja vichache.

Siku ya nane, baada ya chakula cha mchana, mtoto wa mdogo wetu, mwenye umri wa miaka sita, alitujia akauliza, “Ami, boza likija tena, baba atalipa kwa pesa za skuli yangu?”

Sebule ilinyamaza. Mama yake akamwita jikoni kwa sauti ya ukali ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Baada ya Isha tulitoka na mdogo wetu tukamuuliza. Alicheka akasema, “Kaka, usisikilize maneno ya watoto. Nyinyi ni wageni wetu.” Tulimshikilia hata akakiri. Karo ya Januari ilikuwa imewekwa kando; nusu yake ilikwisha kwa maji, nyama na mchele. Tuliporudi chumbani tukamweleza ahali yetu, naye akainamisha kichwa. Alikuwa amejua tangu siku ya nne, kwa alivyomwona shemeji yake akihesabu noti jikoni. Hakutwambia kwa kuogopa kututia haya. Mdogo wetu hakusema kwa haya. Mkewe hakusema kwa haya. Haya ni katika imani, lakini usiku ule tuliona jinsi watu wema wanavyoweza kunyamaziana mpaka mtoto akakosa karo.

Nusu ya mafundisho tuliyoisahau

Kwa miaka mingi tumesimama juu ya mimbari tukihimiza kumkirimu mgeni. Ni mafundisho ya kweli, wala hatuyarudi nyuma. Lakini hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zina upande wa pili ambao sisi tulikuwa tukiupita haraka. Maana yake ni kwamba haki ya ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka ya mwenyeji. Na si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Sahaba waliuliza ni vipi atamtia katika dhiki hiyo, wakajibiwa kuwa ni kukaa kwake hali mwenyeji hana tena cha kumkirimu. Wahenga wetu nao walilijua jambo hili waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Jembe lenyewe lilitusumbua kulishika. Tulipompa mdogo wetu pesa, alizikataa na uso ukambadilika. Ahali yetu ndiye aliyepata njia. Asubuhi alimwambia shemeji yake, “Twende sokoni pamoja, unionyeshe,” na kule akatangulia kulipa kabla mwenziwe hajafungua mkoba. Boza lililofuata tulilisubiri nje sisi wenyewe, tukalipa langoni. Karo tuliirejesha kwa jina la zawadi ya mtoto, kwani zawadi ya ami kwa mtoto wa nduguye haikataliwi.

Kisha tulizigawa kazi za nyumba. Watoto wetu wa kiume, ambao nyumbani hawajui sufuria inaoshwa vipi, walipewa sufuria. Tusione ajabu, Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akaeleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Maji yaligawiwa kwa ndoo: ndoo moja ya kuoga kwa kila mtu kwa siku, na birika kwa udhu.

Hapo ndipo tulipojua jambo lililotuuma zaidi. Mama mzazi wa shemeji yetu anakaa Kajiado mjini, safari isiyofika saa mbili kwa matatu, na binti yake hakuwa amemwona tangu Ramadhani. Kila likizo alikuwa na wageni. Kila likizo alikuwa akiunga udugu wa mumewe, na udugu wake mwenyewe ukikatika. Ahali yetu akashika jiko siku mbili, na shemeji yetu akaenda kwa mamake na kulala huko. Alirudi uso wake umekunjuka.

Saa za watoto

Baada ya hayo tulikaa kuzipanga siku, kwa sababu tatizo la likizo ndefu ni saa. Siku tatu za mwanzo watoto hufurahiana. Ya nne kila mmoja hujikunyata na simu pembeni. Tulikubaliana simu zikusanywe katika kikapu kimoja na zitolewe baada ya Adhuhuri kwa muda mfupi. Baada ya Alfajiri kila mtoto alisoma Qur’ani, mkubwa akimsikiliza mdogo. Baada ya Alasiri walicheza uwanjani. Usiku tuliwasimulia habari za babu na bibi zao, na tukagundua kuwa watoto wa mdogo wetu hawakuwa wakijua jina la baba wa babu yao.

Qur’ani inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame, na Kajiado ni kaunti kubwa yenye mengi ya kutazamwa. Tulikodi matatu kwa ushirika tukapita Isinya na Kiserian, tukateremka Bonde la Ufa mpaka Olorgesailie. Huko mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana yameachwa juu ya ardhi pale pale yalipokutwa, na watu hupita juu ya vipito vya mbao wakiyatazama. Mbele zaidi ni Ziwa Magadi, jeupe na jekundu, ambako magadi yamekuwa yakivunwa tangu mwanzo wa karne iliyopita. Binti yetu alishangaa kujua kuwa yale magadi ambayo bibi yake hutia katika maharage ili yalainike, asili yake ni ziwa kama lile.

Siku nyingine tulitazama tambarare zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946. Upande wa kusini mbuga hiyo haina ukuta, na wanyama walikuwa wakitoka huko kufuata majani ya Kitengela wakati wa mvua. Nyumba na nyaya za ua zimewabania njia. Mwaka 2012 simba sita waliuawa hapo Kitengela baada ya kuvamia mifugo ya watu. Watoto waliuliza nani mwenye haki, simba au mwenye mbuzi. Tuliwaambia kwamba haki ya jirani ni pana, na kwamba mji unaojengwa bila kuuliza nani alikuwapo kabla huwatia wote katika dhiki. Kumbe tulikuwa tukijisemea wenyewe.

Jirani wa mdogo wetu ni mzee wa Kimasai. Watoto wa boma lake walipokuja walituinamishia vichwa ili tuwaguse utosini, kwani ndivyo mtoto wa Kimasai anavyomwamkia mkubwa. Watoto wetu waliojua kubusu mkono na kusema shikamoo waliona kwamba heshima ina milango mingi. Tangu siku ile wakawa nao wakimwinamia mzee yule.

Sala za aliye safarini na aliyekaa

Kabla hatujamaliza, lipo suala tunaloulizwa kila Disemba. Kijana mmoja katika jamaa zetu alikuwa bado akipunguza sala katika wiki ya pili ya kukaa Kitengela, akisema yeye ni msafiri. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu pwani, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya sala hukoma anapofika. Njiani kati ya Mombasa na Kitengela anayo ruhusa. Akishafika kwa jamaa kukaa wiki mbili, asali kamili, na aende Ijumaa. Misikiti ipo Kitengela na ipo Kajiado mjini. Na akina dada wenye deni la Ramadhani, siku hizi za likizo, hasa mnaposaidiana kazi, ni wasaa mzuri wa kulipa.

Nasaha zetu

Kwa mwenye kusafiri: taja siku ya kurudi kabla hujatoka kwako, na usiizidishe. Uliza habari za maji na malazi kama unavyouliza nauli. Nenda na mchele wako na mafuta yako. Nunua bila kuuliza kama inunuliwe. Na yule mwanamke mwenye nyumba, mwachie walau siku mbili azione jamaa zake.

Kwa mwenyeji: usikope ili usifiwe ukarimu. Mwambie nduguyo uwezo wako kwa kauli njema. Nduguyo wa kweli atapunguza siku zake, na mapenzi hayatapungua.

Sisi tulipunguza zetu. Badala ya siku ishirini na nne tulikaa kumi na tano. Asubuhi ya kuondoka, shemeji yetu alitusindikiza hadi kituo cha Athi River, akatupa mfuko wa maandazi ya njiani. Akasema, “Shemeji, mwakani mje tena.” Kisha akacheka kidogo, akaongeza, “Na mara hii nasema kwa moyo.”

Mwenyezi Mungu azibariki safari zenu, awape afya wanaokaribisha na busara wanaokaribishwa, na aturudishe sote makwetu kwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.