Kwa nini moshi hulala bondeni asubuhi

Kama unaishi Kitswamba, Hima au huku chini kuelekea mji wa Kasese, toka nje saa moja asubuhi mwezi wa Januari utazame upande wa mlima. Siku nyingi Rwenzori huioni vizuri. Utaona moshi umelala juu ya nyumba na mashamba, haupandi wala hauondoki. Ukitazama tena saa nne, umepungua. Wengi husema ni ukungu tu. Ukungu upo, lakini pua yako inakuambia kuna kuni, majani na takataka zilizochomwa jana jioni.

Sababu ni mahali tulipo. Kilele cha Rwenzori kinafika mita 5,109, na sisi tuko chini katika Bonde la Ufa, mita elfu moja hivi. Mchana jua hupasha ardhi, hewa ya joto hupanda na kuubeba moshi juu. Jua likizama, ardhi hupoa haraka, hasa usiku usio na mawingu. Hewa ya mlimani nayo hupoa, inakuwa nzito, inateremka polepole kwa kufuata mito kama Mubuku, Sebwe na Nyamwamba mpaka ituame huku kwetu. Juu yake hubaki hewa yenye joto kidogo, kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa jikoni unapanda, unakutana na kifuniko hicho, unarudi kusambaa kati ya nyumba. Ndiyo maana takataka zinazochomwa saa moja jioni ni mbaya kuliko zile za mchana: mtaa mzima utalala na moshi wake. Mifuko ya plastiki usiichome saa yoyote.

Wakati wa jua, yaani Desemba hadi Februari na tena Juni na Julai, hali huwa mbaya zaidi. Watu husafisha mashamba kwa moto, nyasi zinaungua, na malori yanatimua vumbi kwenye barabara zisizo na lami. Wala si moshi wetu peke yake. Mwanzoni mwa mwaka pepo za kaskazini huleta moshi wa mbuga zinazoungua Sudan Kusini na jirani zake. Katikati ya mwaka mioto mingi huwa upande wa kusini, Kongo na Zambia. Moshi haupangi foleni pale Mpondwe kugongewa muhuri.

Mvua ikianza, Machi hadi Mei na tena Agosti hadi Novemba, hewa ya nje inaoshwa, mlima unaonekana, na watu wanasahau. Lakini hapo hatari imehamia ndani ya nyumba. Kuni zimelowa, mvua inapiga, mama anapika maharage na kusonga bundu mlango ukiwa umefungwa, mtoto yuko mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Basi anika kuni wakati jua lipo na uziweke chini ya paa. Loweka maharage usiku kucha, yataiva upesi na moto utawaka muda mfupi. Pika barazani ikiwezekana. Kama ni ndani, fungua mlango na dirisha, na mtoto akae na mtu mwingine mbali na jiko. Ndani ya hema usipike kabisa.

Sigiri nayo (ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo huiita mbabula) ina hatari yake. Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, na kwenye vilima vya juu ya Bwera usiku ni baridi, kwa hiyo watu huiingiza ndani ipashe chumba. Usilale nayo! Makala hayo hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hufa usingizini bila kujua. Mtu akiumwa kichwa, akichefuka au akilegea karibu na sigiri, mtoe nje mara moja kwenye hewa, kisha apelekwe kituo cha afya.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, au mwenye mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, inaweza kuwa nimonia. Atibiwe siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usingoje kuhesabu, nenda kituo cha afya, hata kama ni usiku. Wa chini ya miezi miwili akiugua, mpeleke moja kwa moja. Hesabu mtoto akiwa ametulia au amelala, kwa sababu anayelia hupumua haraka hata akiwa mzima. Kama huna saa tumia simu, au mlete kwa VHT wa kijiji chako tumhesabu pamoja.